Shajara ya Mradi: Filamu Tisa za Taharuki kutoka Uingereza

Jumapili, 12 Januari 2025

Leo nimeanza rasmi kazi niliyoipanga tangu mwaka jana, ya kuandika kwa Kiswahili uhakiki wa filamu tisa za taharuki zilizotengenezwa Uingereza kuanzia 1926 hadi 1940. Nane ni za Alfred Hitchcock, za kabla hajahamia Marekani mwaka 1939, na ya mwisho ni ya Thorold Dickinson. Nimefundisha fasihi kwa miaka mingi, na kila mwaka nimeandika ubaoni maana ileile ya taharuki, kwamba ni hali ya msomaji kujawa na hamu ya kutaka kujua kitakachotokea mbele. Wanafunzi wameinakili, wamefaulu mitihani, na mimi sikuwahi kuihoji. Sasa nataka kuona kama maana hiyo inasimama mbele ya watu walioifanya taharuki kuwa riziki yao.

Kanuni nilizojiwekea ni chache. Kila filamu nitaitazama mara mbili kabla ya kuandika, mara ya pili nikiwa na daftari mkononi. Majina ya filamu yatabaki kama yalivyo. Na sitafichua mwisho wa filamu yoyote, kwa kuwa naamini aliyesimuliwa mwisho amekwisha kupokonywa utamu wote.

Ya kwanza ni The Lodger, yaani mpangaji, sinema bubu iliyopigwa mwaka 1926 na kuonyeshwa 1927. Muuaji anayejiita The Avenger anaua wasichana wenye nywele za rangi ya dhahabu kila Jumanne, na usiku mmoja wa ukungu mgeni aliyejifunga skafu hadi puani anabisha hodi kwenye nyumba inayopangisha chumba. Mgeni huyo ni Ivor Novello, ambaye siku hizo alikuwa kipenzi cha watazamaji wa Uingereza. Onyesho nililolirudia mara nne ni lile la wenye nyumba wakiwa chini, wameinua macho, wakiitazama taa ya dari ikitikisika. Kisha dari lenyewe linakuwa kama maji, na kupitia humo tunaziona nyayo za mpangaji akienda na kurudi chumbani mwake. Hitchcock alimtembeza Novello juu ya sakafu ya kioo kinene akampiga picha kutoka chini, kwa sababu filamu isiyo na sauti isingeweza kumsikilizisha mtu hatua za miguu.

Uhakiki una kurasa nne. Aya inayohusu mwisho nimeiandika kwa kuzungukazunguka, kama mtu anayekwepa dimbwi barabarani, na sijaridhika nayo.

Jumapili, 26 Januari

Nimelazimika kufuta karibu theluthi moja ya uhakiki wa kwanza. Nakala niliyoitazama niliinunua kwa muuzaji mmoja wa diski, na ilikuwa nyeusi kiasi kwamba nyuso zilikuwa zikielea gizani bila mabega. Nikalisifu giza hilo kwa maneno mazito, nikisema kwamba mwongozaji ameifanya nyumba nzima kuwa kama kaburi. Wiki hii nimepata nakala iliyokarabatiwa na Taasisi ya Filamu ya Uingereza mwaka 2012, na kumbe picha za usiku wa nje zimetiwa rangi ya buluu, za ndani zimetiwa rangi ya kaharabu, na ngazi, kuta na hata pazia vinaonekana vizuri kabisa. Nilikuwa nimesifu uchakavu. Kuanzia sasa kila uhakiki utaanza kwa kusema ni nakala gani iliyotazamwa.

Nimeongeza pia aya kuhusu mkono wa pili katika filamu hii. Msambazaji hakuipenda, akataka kuiweka kabatini. Mtayarishaji Michael Balcon akamwita kijana aitwaye Ivor Montagu, ambaye alipunguza sana kadi za maandishi zinazotokea kati ya picha na kumfanya msanii E. McKnight Kauffer azichore upya. Kwa hiyo ninaposema Hitchcock anajua kunyamaza, sehemu ya ukimya huo ni ya mkasi wa Montagu.

Jumapili, 9 Februari

Blackmail, ya mwaka 1929, imenichukua siku nyingi kuliko nilivyokisia. Ilianza kupigwa kama sinema bubu katika studio za Elstree, kisha mitambo ya sauti ikaingia kazi ikiwa katikati, na sehemu kubwa ikapigwa upya. Toleo bubu nalo lilikamilishwa, kwa kuwa majumba mengi ya sinema nchini yalikuwa bado hayajafungwa spika. Mwigizaji mkuu, Anny Ondra, alikuwa na lafudhi ya Kicheki isiyomfaa kabisa binti wa muuza tumbaku wa London, na siku hizo haikuwezekana kupachika sauti baadaye. Ikabidi mwigizaji mwingine, Joan Barry, asimame pembeni mwa kamera akizungumza kwenye kinasa sauti huku Ondra akichezesha midomo. Nikiijua siri hiyo naona jinsi Ondra anavyochelewa kidogo kila anapoanza sentensi, na kuchelewa huko kunamfaa msichana aliyepigwa na butwaa.

Butwaa lake lina sababu. Alice, msichana anayeigizwa na Ondra, amemuua kwa kisu cha mkate mchoraji aliyetaka kumbaka, kisha amerudi nyumbani kimyakimya. Asubuhi ameketi mezani na wazazi wake, na jirani mmbeya amesimama mlangoni akiyachambua mauaji aliyoyasoma gazetini. Maneno ya jirani yanafifia, yanakuwa mvumo kama wa redio iliyo chumba cha pili, isipokuwa neno moja tu, kisu, ambalo linabaki wazi kila linapotajwa. Baba anamwomba Alice akate mkate. Mkono unakiendea kisu polepole, neno linapaa ghafla kuliko yote yaliyotangulia, na kisu kinamruka mkononi.

Jioni nzima nimehangaika kulihamishia onyesho hilo katika Kiswahili. Neno la Kiingereza lina silabi moja, linaanza na kuisha kwa pigo moja kama shoka kwenye gogo. Letu lina silabi mbili, mkazo uko kwenye ya kwanza, na ile ya pili inalegea sikioni. Nilijaribu kulirudiarudia katika aya likasikika kama utenzi. Mwishowe nimeacha kuiga sauti, nimeeleza tu vidole vya Alice vinafanya nini.

Pembeni mwa daftari nimeandika swali ambalo sijapata kulijibu. Alice anajua, sisi tunajua, jirani hajui. Katika vitabu vyetu vya fasihi hali hii inaitwa kinaya, nayo ina sura yake mbali na taharuki. Je, ni sura mbili kweli?

Jumapili, 23 Februari

Murder!, ya 1930, nimeimaliza haraka na sitairudia. Ni hadithi ya nani kaua, na mtu akishajibiwa hana tena cha kushikilia. Jambo moja la kukumbukwa ni pale Herbert Marshall anaponyoa ndevu mbele ya kioo na sisi tunayasikia mawazo yake huku redio ikipiga muziki. Sauti yake ilirekodiwa mapema, na muziki ulipigwa papo hapo na okestra iliyofichwa nyuma ya ukuta wa bandia wa bafu. Nawaza wapiga fidla wamebanana nyuma ya mbao, wakisubiri mtu amalize kunyoa.

Jumapili, 16 Machi

The Man Who Knew Too Much, ya 1934, imenipa nusu ya jibu la swali langu. Mtoto wa wazazi wa Kiingereza ametekwa nyara ili wasiseme wanachokijua, na wanachokijua ni kwamba mwanasiasa wa kigeni atauawa London. Mkuu wa watekaji ni Peter Lorre, aliyekuwa ameikimbia Ujerumani baada ya Wanazi kutwaa madaraka mwaka 1933, na ambaye kwa Kiingereza hii ndiyo filamu yake ya kwanza. Anatabasamu karibu katika kila onyesho. Sijui adui mwingine wa sinema ambaye upole wake unanikosesha raha namna hiyo.

Risasi itapigwa katika ukumbi wa Albert Hall wakati wa tamasha, sawia na mgongano wa matoazi, ili mlio wake umezwe na muziki. Kabla ya tamasha, Lorre anamchezea mpiga risasi santuri ya muziki huo ili aijue nukta yenyewe, na hapo ndipo penye ujanja, kwa sababu anayefundishwa ni mtazamaji pia. Tunapofika ukumbini tunaujua wimbo. Tunamwona mpiga matoazi ameketi, kisha amesimama. Tunamwona mama akizungusha macho, akijua kwamba akipiga kelele huenda mwanawe akauawa. Tunaona pazia la chumba cha juu, na mtutu ukichomoza. Waimbaji wanaendelea na kazi yao. Hakuna anachofichwa mtazamaji, na bado mara ya pili nimeitazama nikiwa nimekaza meno, ingawa mara hii hata matokeo niliyajua.

Inafaa kusema kwamba sehemu ya hadhira inayoonekana imejaa ukumbini humo ni mchoro, uliounganishwa na watu halisi kwa ujanja wa vioo. Ujanja huohuo ulitumika katika Blackmail kwa mbio za ndani ya British Museum, jumba la makumbusho lililoko London, ambako mwanga haukutosha kupiga picha.

Jumamosi, 5 Aprili

The 39 Steps, ya 1935, ndiyo inayopendwa kuliko zote, na nimeiogopa kwa sababu hiyo. Kila mtu anataja mahali ambapo mwanamke anaukuta mwili wa marehemu, anafungua kinywa kupiga yowe, na tunachokisikia ni honi ya treni inayomtorosha Robert Donat kuelekea Scotland. Ni fundi kweli. Mimi lakini nimekwama mezani kwa mkulima.

Hannay, ambaye ndiye Donat, anayetafutwa kwa mauaji ambayo hakuyafanya, ameomba hifadhi ya usiku kwa mkulima mkali wa dini na mke wake kijana. Gazeti lenye habari zake liko mezani. Mume anaomba dua ya chakula, na katikati ya dua anafumbua macho. Mke ameshasoma gazeti. Anamtazama mgeni, mgeni anamtazama yeye, na kwa macho tu wanaelewana. Mume anaziona zile nazari na kuzitafsiri kwa namna nyingine, kwamba mkewe anatongozwa. Baadaye anatoka nje na kuwachungulia dirishani, akiwaona wakinong'ona bila kuwasikia. Watu watatu, kila mmoja na hadithi yake kichwani, na mtazamaji peke yake ndiye anayezishika zote tatu. Peggy Ashcroft, anayeigiza mke, ana dakika chache tu katika filamu nzima, na mimi ningefurahi kama kamera ingebaki naye, ikamwacha Hannay aende zake.

Katika riwaya ya John Buchan ya 1915 mke huyo hayumo, wala hayumo Mr Memory, mtu wa jukwaani anayekumbuka kila kitu. Ngazi thelathini na tisa zenyewe ni ngazi halisi kitabuni, wakati katika filamu ni jina la genge la wapelelezi.

Jumamosi, 19 Aprili

Mpwa wangu wa miaka kumi na mitatu amekuja kula Pasaka, na amenikuta nikiweka Sabotage, ya 1936. Nilimwonya kwamba ni ya zamani na haina rangi. Akakaa hivyohivyo.

Filamu hii imetokana na riwaya ya Joseph Conrad, The Secret Agent, ya 1907, lakini jina hilo halikuweza kutumika kwa sababu Hitchcock mwenyewe alikuwa ametoa filamu nyingine mwaka huohuo iitwayo Secret Agent. Verloc, mhujumu aliyepewa kazi ya kulipua bomu London, katika filamu ana jumba dogo la sinema, mahali pa duka la riwayani. Hawezi kupeleka bomu mwenyewe kwa kuwa anafuatiliwa, basi anampa shemeji yake mdogo, Stevie, kifurushi pamoja na makasha ya mikanda ya filamu, na kumwambia avifikishe mapema, kwa kuwa bomu limetegwa lilipuke saa saba na dakika arobaini na tano mchana. Mtoto hajui alichobeba. Anazuiwa na mchuuzi wa barabarani anayemtumia kuonyesha dawa ya meno. Anazuiwa na gwaride. Anapanda basi, kondakta anasita kwa sababu mikanda ya enzi hizo ilishika moto upesi, kisha anamhurumia. Kuna mbwa mdogo ndani ya basi, na mtoto anacheza naye. Saa zinaonyeshwa.

"Mjomba, si atembee tu kwa miguu," mpwa wangu akasema, bila kunitazama. Kisha akasimama. Basi lilipolipuka hakusema kitu, akaenda jikoni kunywa maji, na aliporudi akaniuliza kama nilikuwa najua. Nikamwambia nilijua. "Na ukakaa tu," akasema.

Miaka mingi baadaye, katika mazungumzo yake na François Truffaut ya mwaka 1962, Hitchcock alikiri kwamba kumuua mtoto yule lilikuwa kosa, kwa kuwa watazamaji walikuwa wameshampenda, wakachukia. Katika mazungumzo hayohayo alitoa mfano wake maarufu wa bomu chini ya meza: likilipuka bila mtu kujua, watazamaji hushtuka kwa sekunde kumi na tano, wakijulishwa mapema kwamba lipo na litalipuka saa fulani, watakuwa roho juu kwa dakika kumi na tano, hata kama walioketi mezani wanazungumza upuuzi. Siafikiani naye kuhusu kosa. Nilimwona mpwa wangu akisimama, na hakusimama kwa sababu alitaka kujua kitakachotokea. Alikuwa anakijua, akataka kukizuia. Hata katika vibanda umiza watu hawapigi kelele wakati filamu imewaficha jambo. Hupiga kelele wanapomwona adui nyuma ya mlango na steringi hajamwona.

Kanuni ya kutofichua mwisho nimeifuta usiku huu. Haiwezekani kueleza basi lile bila kusema kwamba linalipuka, na anayeambiwa mapema anakaa mahali palepale Hitchcock alipotaka akae.

Jumapili, 11 Mei

Wiki tatu zimepita katika kurekebisha yaliyotangulia. Uhakiki wa The Lodger sasa unasema wazi kwamba mpangaji hana hatia, na unaeleza sababu. Watazamaji wa kwetu wana usemi kwamba steringi hafi. Kwa Novello ilikuwa zaidi ya hapo, kwani nyota wa kiwango chake hakuruhusiwa hata kuwa muuaji. Hitchcock alitaka mwisho wenye shaka, akakataliwa. Nikiitazama filamu nikilijua hilo, wasiwasi wangu umehama: siogopi tena mpangaji atafanya nini, naogopa atafanywa nini, hasa pale umati unapomkimbiza akiwa amefungwa pingu na pingu hizo zinanasa kwenye uzio wa vyuma.

Young and Innocent, ya 1937, nimeiongeza juzi. Ni nyepesi, ina mapenzi ya vijana na magari mabovu, ila ina picha moja ya ajabu. Tunachokijua ni kwamba muuaji ana macho yanayopepesa. Kamera inaanzia juu karibu na dari la hoteli, inavuka ukumbi wa dansi, inawapita wachezaji, inaielekea bendi, inamwendea mpiga ngoma, inakaribia mpaka macho yanajaza kioo chote, na macho yanapepesa. Wanaomtafuta wameketi mezani na hawajamwona. Hata hivyo siwezi kuisifu nikanyamaza jingine. Bendi nzima ni Wazungu waliojipaka rangi nyeusi usoni, mzaha wa kawaida wa majukwaa ya Uingereza ya wakati huo, na muuaji amejificha ndani ya mzaha huo. Nimeyaandika yote mawili katika aya moja, kwa kuwa katika picha yenyewe hayatengani.

Jumapili, 1 Juni

The Lady Vanishes, ya 1938, ilipigwa karibu yote ndani ya studio ndogo ya Islington, kwa behewa la kutengeneza na mandhari zinazorushwa kwenye skrini nyuma ya madirisha. Bibi mmoja, Miss Froy, anatoweka ndani ya treni inayokwenda, na abiria wote wanasema hakuwapo. Kila mmoja ana sababu yake ya kudanganya, na Waingereza wawili wapenzi wa kriketi wana sababu ndogo kuliko zote: wanaogopa treni isimamishwe wakachelewa mechi ya Manchester. Nimecheka, kisha nikakumbuka filamu hii ilitoka katika mwaka wa mkataba wa Munich, ambao Uingereza ilimwachia Hitler sehemu ya Chekoslovakia ili kuepuka vita.

Mapema safarini bibi ameandika jina lake kwa kidole kwenye kioo cha dirisha chenye mvuke, kwa sababu kelele za treni zimelimeza alipolitamka. Baadaye Iris, msichana pekee anayemkumbuka, ambaye sasa anaambiwa kwamba pigo la kichwani limemchanganya, analiona jina hilo bado lipo. Anapotaka kumwonyesha mwenzake, treni inaingia kwenye handaki na maandishi yanafutika. Sisi tumeyaona. Ni ushahidi wetu na wake tu, nasi hatuna mtu wa kumwambia.

Jumapili, 15 Juni

Imebaki Gaslight ya Dickinson, ya 1940. Kampuni ya MGM ilinunua haki za hadithi ili itengeneze yake ya 1944, na ikataka nakala za hii ya Uingereza ziharibiwe. Bahati njema baadhi zilisalia. Anton Walbrook ni mume anayemfanya mkewe aamini kwamba anapoteza akili. Kila jioni anaaga na kutoka, na muda mfupi baadaye taa ya chumbani mwa mke inafifia na hatua zinasikika juu, katika ghorofa isiyokaliwa na mtu.

Ilibidi nieleze jambo ambalo Mwingereza wa 1940 hakuhitaji kuelezwa. Taa hizo zilikuwa za gesi iliyopita katika mabomba ya nyumba moja, na mtu akiwasha nyingine juu, ya chini inapungua, kama maji ya bomba yanavyopungua bafuni mara tu jirani anapofungulia ya kwake. Mke anaona taa ikishuka, na kwa kuwa kila mtu anamwambia haijashuka, anaacha kuyaamini macho yake. Mtazamaji anajua ni nani aliye juu.

Usiku huu nimeziweka picha mbili pamoja kwenye skrini, nusu kwa nusu. Kushoto ni dari la The Lodger, taa ikitikisika kwa hatua za mtu asiye na hatia. Kulia ni Diana Wynyard ameinua uso, mwanga ukimtoka polepole kwenye paji, na anayetembea juu ni mume wake. Nimeandika aya tatu za mwanzo. Kesho nitaitazama mara ya pili, na mpwa wangu ameniomba nimsubiri.